Mstari juu ya uwanja upi?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa tatu, nasoma hisabati. Kwenye mtihani wa aljebra tuliambiwa tuitazame Q(√2) kama nafasi ya vekta juu ya namba wiano, Q, kisha tueleze migeuzo yote ya mstari inayotoka Q(√2) na kurudi Q(√2). Nikaandika hivi: f(x) = f(x·1) = x·f(1), kwa hiyo kila mgeuzo ni kuzidisha kwa namba moja tu, nayo ni f(1). Nikapewa sifuri bila maelezo. Nimeirudia hesabu yangu mara nyingi na sioni kosa. Naomba unionyeshe lilipo. Tena, mambo haya ni ya mtihani tu?"

Marahaba, mwanangu. Uliyeandika mstari huo si peke yako. Nimeuona kwenye karatasi za wanafunzi wazuri mwaka baada ya mwaka, na kila mara naona ilistahili mtu akae na mwanafunzi dakika kumi kuliko kumchorea sifuri. Tukae basi, wewe na mimi, tuchukue kalamu.

Kabla ya kutafuta kosa, tulijaribu dai lako kwa mfano. Kila namba ya Q(√2) huandikwa a + b√2, ambapo a na b ni namba wiano. Chukua mgeuzo unaobakiza a na kuitupa b:

f(a + b√2) = a

Jumlisha namba mbili kisha ubakize sehemu ya kwanza, au bakiza kwanza kisha ujumlishe, jibu ni lilelile. Zidisha kwa 5 au kwa 2/3 kabla au baada, jibu ni lilelile. Huu ni mgeuzo wa mstari juu ya Q, bila shaka yoyote. Sasa f(1) = 1. Kwa kanuni yako, f(x) = x·1 = x kwa kila x, basi f(√2) ingekuwa √2. Lakini f(√2) ni 0. Dai limevunjika.

Rudi sasa kwenye mstari wako, f(x·1) = x·f(1). Hapo umemtoa x nje ya mabano. Sheria ya mgeuzo wa mstari inaruhusu kutoa nje skala tu, na mtihani ulitaja skala zenyewe: ni namba za Q. Herufi x katika hesabu yako si skala, ni vekta, kwa sababu inazunguka Q(√2) nzima. Ungekuwa umeandika f(5·1) = 5·f(1) hakuna ambaye angekugusa. Ulipoandika f(√2·1) = √2·f(1) ulitumia ruhusa ambayo hukupewa.

Nadhani naelewa kwa nini jicho lako liliteleza. Katika nafasi za vekta ulizozizoea, mishale kwenye karatasi au safu za namba tatu, vekta haizidishwi na vekta kama namba inavyozidishwa na namba, kwa hiyo hata kishawishi hakipo. Hapa √2 ni vekta, na papo hapo ni namba inayoweza kuzidisha kila kitu kilichomo ndani ya uwanja, yaani mkusanyiko wa namba ambamo unajumlisha, unatoa, unazidisha na kugawa bila kutoka nje. Kuutazama uwanja mkubwa L kama nafasi ya vekta juu ya uwanja mdogo K ni kukubali kwa hiari kusahau sehemu ya kuzidisha: tunabaki na kujumlisha, na kuzidisha kwa namba za K peke yake. Ulisahau kusahau.

Hata hivyo hoja yako si takataka. Umethibitisha jambo la kweli, ila la swali jingine. Kama f ni ya mstari juu ya L yenyewe, maana yake f(αx) = α·f(x) kwa kila α ya L, basi kweli f ni kuzidisha kwa f(1), na uthibitisho ni huohuo wa mstari mmoja. Kwa hiyo ndani ya familia kubwa ya migeuzo ya mstari juu ya Q umeipata familia ndogo, ile ya kuzidisha. Tuiangalie hiyo kwanza, maana ina utajiri wake, kisha tuulizie waliobaki.

Chukua 3 + √2. Kuzidisha kwa namba hiyo kunapeleka 1 kwenye 3 + √2, na kunapeleka √2 kwenye 2 + 3√2. Ukitumia 1 na √2 kama msingi wa nafasi yako, matriki ya mgeuzo huu ina safu ya juu 3, 2 na safu ya chini 1, 3. Tazama kinachotokea ukiihoji matriki hiyo. Jumla ya namba za ulalo wake, ambayo wanahisabati huiita tresi, ni 6. Determinanti yake ni 9 − 2 = 7, na hiyo huitwa nomu ya 3 + √2. Polinomia yake bainifu ni X² − 6X + 7, na suluhisho zake ni 3 + √2 na 3 − √2. Matriki imekurudishia namba uliyoanza nayo pamoja na pacha wake, bila wewe kumtaja pacha popote. Kinyume cha matriki kinakupa hata kinyume cha namba: (3 − √2)/7. Shuleni ulifundishwa kuondoa kipeuo chini ya mstari wa sehemu kwa kuzidisha juu na chini kwa 3 − √2. Kile kilikuwa kinyume cha matriki, ila kimevaa sare ya shule.

Kwa ujumla kuzidisha kwa a + b√2 kuna matriki yenye safu a, 2b na safu b, a. Namba mbili tu, a na b, zinaamua kila kitu. Lakini matriki ya mbili kwa mbili ina nafasi nne, na kila nafasi inaweza kujazwa na namba wiano yoyote. Hapo ndipo ungeweza kushtuka hata bila mfano: migeuzo yote ya mstari ni nafasi yenye dimensheni 4 juu ya Q, na yako ya kuzidisha ina dimensheni 2. Nusu nzima haijulikani ilipo. Uwanja ukiwa na digrii n juu ya K, yaani dimensheni n, migeuzo yote ina dimensheni n² na kuzidisha kuna n tu. Kwa digrii 10 utakuwa umetaja 10 katika 100.

Waliobaki ni akina nani? Mlango wa kuwafikia ni yule pacha. Kuna mgeuzo unaogeuza alama, tuuite σ:

σ(a + b√2) = a − b√2

Huu unatunza kujumlisha na kuzidisha kwa pamoja, na hauigusi Q. Mgeuzo wa namna hii unaitwa automofizimu ya uwanja. Ni wa mstari juu ya Q, lakini si kuzidisha, kwa kuwa unaiacha 1 palepale na kuigeuza √2 kuwa −√2. Na sasa lije jibu ambalo mtihani ulikuwa unalitafuta: kila mgeuzo wa mstari wa Q(√2) juu ya Q unaandikwa, kwa njia moja tu, hivi:

f(x) = αx + βσ(x)

ambapo α na β ni namba za Q(√2). Uthibitisho wake unatosha kwenye kiganja. Mgeuzo unajulikana wote ukijua unapopeleka 1 na √2. Weka x = 1, upate α + β = f(1). Weka x = √2, upate α − β = f(√2)/√2. Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili, suluhisho moja. Basi.

Ujaribu kwa mikono yako. Ule mgeuzo wetu wa kubakiza a una f(1) = 1 na f(√2) = 0, kwa hiyo α na β zote ni 1/2, na f(x) ni nusu ya x + σ(x). Chukua na mwingine wenye ukaidi kidogo: g unaobadilishana nafasi, g(a + b√2) = b + a√2. Hapa g(1) = √2 na g(√2) = 1. Jumla ya α na β ni √2, tofauti yake ni 1/√2, ambayo ni √2/2. Kwa hiyo α = 3√2/4 na β = √2/4. Ukiweka x = √2 unapata 3/2 kutoka upande wa α na −1/2 kutoka upande wa β, jumla 1, kama tulivyotaka. Usiniamini, hesabu.

Kuna njia ya haraka ya kujua kama mgeuzo uliopewa ni wa familia yako ya kuzidisha au la. Uulize: je, unakubali kupishana na kuzidisha kwa √2? Yaani, ukizidisha kwa √2 kwanza kisha ugeuze, ni sawa na kugeuza kwanza kisha kuzidisha? Kwa matriki, hili ni swali la kama matriki yako inapishana na ile yenye safu 0, 2 na safu 1, 0. Andika matriki yenye safu p, q na safu r, s, zidisha pande zote mbili, linganisha, na utapata masharti mawili tu: q = 2r na p = s. Hiyo ni umbo lilelile la a, 2b na b, a. Anayepishana na √2 ni wa kuzidisha, na wa kuzidisha wote wanapishana nayo.

Jambo hili ulishakutana nalo kwenye somo jingine, labda bila kutambulishwa. Namba changamano C ni nafasi ya vekta yenye dimensheni 2 juu ya namba halisi R. Kila mgeuzo wa mstari juu ya R ni αz + βz̄, ambapo z̄ ni z iliyogeuzwa alama ya sehemu yake ya i. Wa kuzidisha ni wale wenye β = 0, na matriki zao zina safu a, −b na safu b, a. Sasa fikiria fanksheni kutoka C kwenda C inayotofautishika kwa maana ya somo la vigeu viwili vya kawaida. Tofautisho lake katika kila nukta ni mgeuzo wa mstari juu ya R. Je, lini fanksheni hiyo inatofautishika kwa maana ya namba changamano? Pale ambapo β ya mgeuzo huo ni sifuri. Masharti ya Cauchy na Riemann, yale mawili uliyoyakariri kabla ya mtihani, ni p = s na q = −r. Ni swali lako lenyewe: mgeuzo huu ni wa mstari juu ya R tu, au juu ya C pia? Jengo lote la uchambuzi wa namba changamano limesimama juu ya tofauti hiyo, na ndiyo maana sifurahi mtu anaposema kosa lako ni dogo.

Jibu la α na β haliishii kwenye digrii 2. Ukiwa na upanuzi wa Galois wa digrii n, yaani uwanja L juu ya K wenye automofizimu n zisizoigusa K, kila mgeuzo wa mstari juu ya K ni jumla ya automofizimu hizo, kila moja ikiwa na namba ya L mbele yake. Kinachobeba mzigo hapa ni hoja iliyotoka kwa mwanahisabati Dedekind: automofizimu tofauti haziwezi kufungamana kwa mstari hata ukiruhusu namba za L mbele yake. Zikiwa huru na zikiwa n, zinajaza dimensheni n juu ya L, yaani n² juu ya K, na hakuna mgeuzo unaobaki nje. Emil Artin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1942 huko Notre Dame, Marekani, aliijenga nadharia nzima ya Galois juu ya uhuru huo wa mstari, pale ambapo waliomtangulia walitegemea kutafuta namba moja inayozalisha upanuzi wote. Binafsi nilipoielewa njia hiyo ndipo Galois aliponikaa kichwani.

Lakini uangalie usije ukaibeba kanuni hii mahali ambapo Galois hayupo. Chukua Q pamoja na kipeuo cha tatu cha 2, tukiite c. Dimensheni ni 3, msingi ni 1, c na c². Automofizimu ni moja tu, ile isiyofanya kitu, kwa sababu vipeuo viwili vingine vya tatu vya 2 si namba halisi na havimo ndani ya uwanja huu. Kuzidisha kunakupa 3 kati ya 9, na hakuna σ wa kukuokoa. Hapo tunaigeukia tresi. Kuzidisha kwa c kunapeleka 1 kwenye c, c kwenye c², na c² kwenye 2. Ulalo wote ni sifuri, hivyo tresi ya c ni 0. Ya c² pia ni 0. Tresi ya 1 ni 3. Basi ukiwa na x = a + bc + dc², tresi ya x ikigawanywa kwa 3 inakutolea a. Je, b tutaitoaje? Zidisha x kwa c² kwanza: bc inageuka kuwa 2b, na vingine vyote vinabaki na c au c² mbele. Tresi sasa ni 6b. Kwa d, zidisha kwa c, tresi ni 6d. Kwa hiyo kila mgeuzo wa mstari, wote wenye dimensheni 9, ni huu:

f(x) = f(1)·Tr(x)/3 + f(c)·Tr(c²x)/6 + f(c²)·Tr(cx)/6

Napenda sana kanuni hii kwa sababu haiombi msaada wa uwanja mkubwa zaidi. Kuzidisha na tresi vinatosha.

Tresi nayo ina mahali inapokufa. Chukua uwanja wa sehemu za polinomia za t, namba zake zikihesabiwa kwa moduli p, ambapo p ni namba tasa, kisha uongeze s yenye s kwa kipeo cha p sawa na t. Digrii ni p, automofizimu ni moja, na tresi ya kila namba ni sifuri, tupu. Anayekuja kuokoa hapo ni mgeni kabisa: kutofautisha kwa s. Tofautisho la t ni p mara kitu fulani, yaani sifuri, hivyo t inatendewa kama namba isiyobadilika na kutofautisha kunakuwa mgeuzo wa mstari juu ya uwanja mdogo. Kutofautisha mara 0, mara 1, hadi mara p − 1, kila kimoja kikiwa na namba ya uwanja mkubwa mbele yake, kunaizalisha migeuzo yote.

Umenieleza huoni mambo haya yanatumika wapi, maana mwishoni mwa barua yako uliuliza kama ni ya mtihani tu. Simu uliyoniandikia nayo ina jibu. Chukua kwanza uwanja wenye namba 4: 0, 1, w na w + 1, ambapo w² = w + 1, juu ya uwanja wa 0 na 1, ambamo 1 + 1 = 0. Humo (x + y)² = x² + y², kwa kuwa 2xy ni sifuri, hivyo kupandisha kipeo cha pili ni mgeuzo wa mstari. Matriki za mbili kwa mbili zenye 0 na 1 ni 16, kuzidisha ni 4 tu, na zote 16 ni αx + βx²: chaguo nne za α, chaguo nne za β.

Sasa panda hadi uwanja wenye namba 256. Kila namba yake ni baiti moja, biti nane. Kuzidisha ni 256, migeuzo ya mstari juu ya 0 na 1 ni 2 kwa kipeo cha 64, na kila mmoja ni jumla ya x, x², x⁴ hadi x kwa kipeo cha 128, na namba mbele ya kila kimoja. Mfumo wa kuficha data uitwao AES, uliobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ukafanywa kiwango rasmi Marekani mwaka 2001, unaishi ndani ya uwanja huu. Katika hatua moja, kila baiti inageuzwa kuwa kinyume chake (0 inabaki 0), kisha inapitishwa kwenye matriki ya nane kwa nane, kisha inajumlishwa na baiti maalumu isiyobadilika. Matriki hiyo ni ya mstari juu ya 0 na 1 lakini si juu ya 256: ukiiandika kwa vipeo, vyote vinane vinatokea, hakuna chenye sifuri mbele yake. Hatua nyingine inachanganya baiti nne nne kwa kuzidisha ndani ya 256, na hiyo ni ya mstari juu ya 256 yenyewe. Bila ile matriki, baada ya kinyume kingebaki kinachoelezeka kwa aljebra fupi ya uwanja mmoja. Wabunifu walichanganya mstari wa aina mbili kwa makusudi.

Sasa kazi ya nyumbani, na uniandikie jibu. Chukua Q(√2, √3), digrii 4, msingi 1, √2, √3 na √6. Ina automofizimu nne, kulingana na alama unayoipa √2 na ile unayoipa √3. Chukua mgeuzo unaoitoa namba wiano inayosimama mbele ya √6 na kutupa vingine vyote. Uandike kama jumla ya automofizimu nne. Ukipata √6/24 mbele ya mbili na −√6/24 mbele ya mbili nyingine, niambie zipi ni zipi, na uniambie kwa nini.